Majani Mazuri, Viazi Baadaye

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Viazi vyangu vimenifika kiunoni! Majani, yaani. Viazi vyenyewe viko chini na sijaviona. Lakini majani ya kijani kilichokolea namna ile hayawezi kuficha jambo baya.

Kwa kumbukumbu, maana siku moja watu watauliza ilianzaje: mimi ni Eufrasia, mhitimu wa kilimo, naishi kwa mama, mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini. Mji mzima unakula chipsi za viazi vilivyotoka Njombe na Mbeya kwa lori. Vinafika vimechoka kuliko dereva. Mimi nimepanda viazi mviringo hapahapa, kwenye shamba la marehemu bibi kule Kolandoto, na navimwagilia kwa chupa za maji zilizotobolewa vizibo. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulihusu athari za joto kwenye ukuaji wa viazi mviringo. Nilipata A. Kwa ufupi unasema hivi: usiku ukiwa na joto la kuzidi nyuzi ishirini, mmea unapeleka chakula chake chote kwenye shina na majani, unarefuka, unapendeza, na unasahau kuzaa viazi.

Alfajiri ya leo kipimajoto changu cha Kolandoto kilisema ishirini na tatu.

Najua. Niliandika mimi. Ndiyo maana mtu wa kulishinda joto hili ni mimi na si mwingine. Nani anamjua adui yangu kuliko mimi?

Mama hajui habari ya nyuzi. Anachojua ni kwamba Luka, mfyatua matofali, analitaka lile shamba achimbe udongo wake, achome tanuru kabla ya mvua. Amekuja mara mbili na kuku. Mama amemwambia asubiri hadi katikati ya Oktoba. Mimi nimeambiwa nikivuna kitu cha kuonekana, shamba linabaki. Nisipovuna, Luka anaingia na masururu, na alipopita Luka hapaoti hata magugu. Mama amelisema bila hasira, huku akifunga barafu za ubuyu kwenye vifuko: shamba lisilolisha tumbo litalisha tanuru.

Bibi alilima pale maisha yake yote. Michembe ya pale, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ndiyo iliyonisomesha. Sitalia. Nimeosha uso, basi.

Jumatano, 4 Septemba

Kaka yangu Marselino amerudi kutoka Geita. Amekaa kwenye machimbo miaka sita. Amerudi na kofia ya tochi, kikohozi na maneno mengi. Dhahabu hakurudi nayo. Anasema alikuwa karibu sana. Duara lao, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika kwenye mwamba wenye mali, wenzake wakakata tamaa.

Nilimweleza kwa upole kwamba tatizo lake ni kuchimba kwa imani bila ushahidi. Mtu anayekaa miaka sita juu ya shimo ambalo halijampa chochote, akisema liko karibu, anahitaji kujichunguza. Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza viazi vyangu vikoje huko chini.

Nikasema majani ni mazuri sana.

Akasema kwenye duara nao wana dalili nzuri sana.

Hakuna uhusiano wowote. Nilibadilisha mazungumzo.

Jumapili, 8 Septemba

Mpango wa kwanza: kivuli. Majani yasipopigwa na jua, udongo utapoa. Udongo ukipoa, mmea utakumbuka wajibu wake. Nimetandaza majani makavu ya mpunga kwenye matuta yote, na juu nimetundika khanga za mama kwenye kamba. Zimeonekana kama arusi imehamia shambani. Mama bado hajafungua sanduku.

Baada ya misa akaja Klara.

Klara tulisoma naye darasa moja. Utafiti wake ulikuwa wa mbuzi, na alama zake sizitaji kwa sababu mimi si mtu wa kulinganisha (B). Leo yeye ndiye afisa ugani, ana pikipiki ya ofisi na buti za mpira zisizo na tope. Alisimama barabarani, akasoma khanga iliyotazama upande wa njia: HASIDI HANA SABABU. Akauliza kama ujumbe ule ni wake.

Nikamwambia ni kivuli tu, asijione. Ukweli ni kwamba niliigeuza ile khanga mwenyewe jana jioni baada ya kusikia atapita.

Akaingia akaangalia. Akasifia majani. Akashika shina moja kama daktari anayeshika mkono wa mgonjwa, akasema taratibu, “Eufra, wewe si ndiye uliyeandika kwamba haiwezekani?”

Nikamjibu niliandika kwamba ni vigumu.

Akasema anakumbuka, maana aliomba kuusoma kabla ya mtihani. Neno lilikuwa haiwezekani.

Huyu dada ananionea wivu. Mtu asiyekuonea wivu hakumbuki maneno yako.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango wa pili. Nimeshangaa sikuuona mapema, na mimi naishi nyumba moja na friza!

Mama anauza barafu. Barafu ni ubaridi ulioganda. Viazi vinataka ubaridi. Ni hesabu ya darasa la pili. Leo alasiri mama alipokwenda jumuiya nimejaza ndoo mbili za barafu za ubuyu, nikazifukia kwenye pumba za mpunga zisiyeyuke, nikafunga kwenye baiskeli na kukanyaga hadi Kolandoto. Jasho lilinitoka hadi kwenye viwiko. Nikafukia barafu moja moja pembeni ya kila shina la tuta la kwanza, zikiwa kwenye vifuko vyake ili udongo usinyweshwe sukari.

Kipimajoto ndani ya tuta kikashuka hadi nyuzi kumi na tisa! Kumi na tisa! Nilikaa chini katikati ya matuta nikakitazama tu. Sijui nieleze vipi. Ni kama kumwona mtu uliyeambiwa hatapona akiomba uji.

Baada ya saa moja kikawa kimerudi thelathini na mbili. Lakini kwa saa ile Kolandoto ilikuwa Njombe.

Ijumaa, 13 Septemba

Maafa.

Watoto wa shule ya jirani waligundua jana ileile, nilipoondoka, kwamba matuta yangu yanazaa barafu za ubuyu. Habari ilisambaa. Leo asubuhi nimekuta tuta la kwanza limefukuliwa lote, na walikuwa na adabu ya kuniachia vifuko. Mmoja alinisalimia shikamoo, akauliza tutavuna tena lini. Mwenzake alitaka kujua kama za maziwa nazo zinaota.

Nyumbani, mama. Wateja wake walikuta friza tupu. Muuguzi mmoja aliyekuwa akimnunulia mgonjwa wake kila siku ameondoka akisema hata mama Marselino siku hizi haaminiki. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amezaa mtoto mmoja anayefukua ardhi na mmoja anayefukia barafu, na anaomba Mungu amweleze lengo lilikuwa nini. Kisha akafungua sanduku lake la khanga.

Sitaandika yaliyofuata.

Jumatatu, 23 Septemba

MATUTA YAMEPASUKA!

Nyufa! Kubwa, ningeweza kuingiza kiganja. Kwa viazi vitamu kila mama wa Kisukuma anajua maana yake: tuta likipasuka, kiazi kimenenepa, kinasukuma udongo. Mama alikuwa amekuja kuchukua khanga ya mwisho. Aliposimama pale akaziona nyufa, akaweka mkono kinywani. Akasema bibi angeziona angepiga vigelegele. Halafu akavipiga yeye. Mama yangu, aliye na goti bovu, alizunguka shamba zima akipiga vigelegele, na kila mwanamke aliyepita njiani akaitwa aone matuta ya Eufrasia.

Nami nilisimama pale nikiwa na shahada.

Udongo mweusi wa kwetu hupasuka wenyewe ukikauka kwa joto. Najua. Tuta lisilo na kiazi hata kimoja linapasuka vilevile. Joto la leo mchana ndani ya tuta: thelathini na sita. Ningeweza kumwambia.

Mama alitaka kuchokonoa kwa kijiti atoe kimoja tu, kama wanavyofanya kwa viazi vitamu. Nikamkataza. Nikasema kitaalamu hairuhusiwi kuingiza hewa ya moto. Akanitazama kwa heshima! Tangu nizaliwe sijawahi kutazamwa hivyo na mama. Alisema, “Haya, mtaalamu wangu,” akaninyang'anya jembe nisichoke, akalibeba yeye hadi nyumbani.

Alipoondoka niliingiza kidole. Nikagusa kitu cha mviringo, kigumu! Moyo ukapaa. Nikakitoa.

Jiwe.

Lakini jiwe si ushahidi wa tuta zima. Huwezi kulihukumu shamba kwa kidole kimoja.

Jumatano, 9 Oktoba

Janga jipya. Mama, kwa furaha, amemwalika mzee Mayala.

Mzee Mayala ni kiongozi wa bagobogobo, kundi la wacheza ngoma wanaolima kwa majembe huku ngoma zikipigwa. Watakuja Jumamosi kunivunia. Shamba zima, kwa mpigo, hadharani. Mama amealika jumuiya yote. Amemwalika Luka pia, ili aone kwa macho yake na aache kuleta kuku. Amemwalika Klara.

Nilijaribu kumzuia. Nilisema viazi mviringo ni vyepesi kujeruhiwa na jembe. Mama akasema mzee Mayala amevuna karanga kwa ngoma na hakuna karanga iliyolalamika. Nilisema nina homa. Akanipa dawa. Nilisema pengine tusubiri wiki mbili. Akasema Luka hasubiri, na tena kwa nini tusubiri ilhali matuta yamepasuka?

Nimemwendea Marselino, nikamuuliza kwa njia ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kwenye machimbo wanafanyaje duara likiwa tupu na mwenye duara ameshaalika watu. Akaacha kula. 

Akasema hakuna anayesema tupu. Wanasema bado.

Kisha akanisogezea nyama yake yote. Sikuwa na njaa, lakini nilikula.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika na udongo bado kwenye kucha.

Walikuja wote. Njuga miguuni, majembe begani, ngoma mbili. Mzee Mayala alinisalimia mwangaluka kwa sauti ya kiongozi, akauliza kama dunia iko tayari. Mama amevaa gauni la Krismasi. Luka amekaa kwenye kigogo pembeni, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri chakula asichokuwa na hakika nacho.

Ngoma ikaanza. Majembe yakapanda yote pamoja, yakarushwa hewani, yakadakwa, yakashuka. Tuta la kwanza likafunuka. Akina mama waliinama na makapu.

Wakainuka na makapu.

Ngoma haikusimama. Ngoma ya kulima haisimamishwi katikati, ni mkosi. Tuta la pili. La tatu. Mizizi mirefu, mizuri, myeupe, isiyo na kitu. Waimbaji wakaanza kutunga, maana mwimbaji hawezi kuona jambo asiliimbe: majani ya msomi marefu, mbuzi wa Kolandoto washiba, sisi tuliokuja na makapu tutabeba nini? Watu walicheka hadi kushikana. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliona shairi ni zuri.

Viazi vilivyopatikana viliwekwa kwenye kofia ya mzee Mayala. Kofia haikujaa. Vingi ni kama gololi. Viwili vimepasuka. Kimoja kimeota vichipukizi kikiwa bado ardhini, kana kwamba kilikata tamaa ya kuvunwa. Kimoja kikubwa kidogo kimeotesha kiazi kingine mgongoni, kama mama aliyebeba mtoto. Hilo nalo liko kwenye utafiti wangu, sura ya nne, pamoja na mchoro. Joto linapanda, kiazi kinasimama kukua. Linapungua, kinaanza upya pembeni. Nilieleza hivyo kwa sauti. Hakuna aliyeuliza swali.

 Mama alichukua kile chenye mtoto mgongoni, akakifuta udongo kwa gauni lake la Krismasi, akakitia kwenye pochi. Afadhali angenipiga.

Klara alipiga magoti na buti zake safi, akaokota na mimi hadi tuta la mwisho. Hakucheka hata mara moja. Akasema laiti angekuwa na moyo wa kujaribu jambo analojua litashindikana. Yeye hujaribu yale tu yaliyo kwenye mwongozo. Akasema Mei usiku unapoa, tungejaribu pamoja, na kuna aina ya mbegu inayovumilia joto kidogo, ataulizia ofisini.

Bado natafuta alikuwa na njama gani.

Luka aliondoka akisema atakuja Jumatatu na watu wa kupima.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda misa. Nilikwenda Kolandoto kuaga shamba. Nimemkuta Marselino.

Alikuwa ndani ya shimo, mwisho wa tuta la tano. Kichwa tu kilikuwa juu. Kofia ya tochi, mchana kweupe. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema amelala akifikiria maneno yangu: joto liko juu. Sasa kama wewe ni kiazi, na juu kuna moto, unakwenda wapi? Unakwenda chini. Vimekimbilia chini! Sisi tumekata tamaa kwenye mita ya kwanza, kosa lilelile la wenzake.

Nilimweleza kwamba viazi havihami. Vinaota kwenye vijimizizi vilivyo karibu na uso wa udongo. Haiwezekani kibaolojia.

Akasema sawa. Akaendelea kuchimba.

Nilikaa ukingoni. Jua lilikuwa kali. Nilimtazama kaka yangu, mtu mzima, mwenye kikohozi, anachimba ardhi kavu ili mdogo wake asiaibike. 

Nikavua viatu nikaingia.

Tumechimba hadi jioni. Yeye anakata, mimi napakia ndoo. Alinifundisha kuimba wimbo wa kuvuta ndoo, maneno yake siyaandiki. Viazi hatukuona. Baada ya kina cha magoti tu udongo mweusi uliisha, ikawa kokoto na mchanga hadi chini.

Mama alitukuta humo. Alisimama ukingoni na gauni la kanisani, akatutazama wote wawili, akashukuru kwa Kisukuma, “Wabeja, Mungu. Sasa wamekuwa wawili.”

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, lakini Luka alikuja na watu wake na kamba. Akaliona shimo. Alifurahi kwanza, akadhani tumemwanzia kazi. Akaruka ndani.



Akachota udongo wa ukutani, akauviringisha kiganjani. Ukamwagika. Akachota mwingine chini zaidi. Ukamwagika. Akapanda juu amenuna, akamwambia mama kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akileta kuku kwa ajili ya ngozi nyembamba ya udongo wa mfinyanzi iliyolala juu ya kokoto. Udongo huu haufyatui hata tofali la banda la njiwa! Kwa nini hakuambiwa?

Mama akasema hakuuliza. Akaongeza kwamba kuku walikuwa watamu.

Luka akakunja kamba zake akaondoka bila kuaga.

Tulikaa watatu juu ya rundo la kokoto. Mama alicheka kwanza kidogo, halafu hadi machozi, huku ameshika goti. Akasema bibi angejua shamba lake limeokolewa na wajinga wawili angetaka kuwaona. Amekata shauri: mvua ikianza anapanda marando ya viazi vitamu shamba zima, kama zamani, tukaushe michembe. Mimi na Marselino tutalima. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Sharti moja tu: shimo lifukiwe kesho, mbuzi wa watu wasitumbukie.

Nimeahidi. Nimejifunza. Joto ni joto. Mtu hashindani nalo. Ningejua tangu mwanzo! (Nilijua.) Basi, imeisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilikwenda kufukia shimo. Nilishuka kwanza kuchukua ndoo tuliyoisahau.

Chini mle kuna ubaridi.

Nilisimama nikasikiliza ngozi yangu. Juu, saa saba mchana, mijusi imejificha. Chini, nyayo zangu zilikuwa kama zimekanyaga sakafu ya kanisa. Nikapanda, nikachukua kipimajoto, nikashuka tena, nikakiacha kidogo. Ishirini na tano. Si ishirini, nakiri. Lakini hiyo ni ya saa saba mchana, Oktoba, Shinyanga! Na shimo lenyewe ni fupi. Marselino anasema hili si duara hata, ni mkwaruzo. Tukishuka mara mbili ya hapo, tukaweka matimba, yaani magogo, ukutani lisibomoke, tukatanua chini kama chumba…

Viazi havikuwa vikikimbilia chini. Vilikuwa vinasubiri vipelekwe.

Utafiti wangu haukugusa habari ya mashimo popote. Hakuna neno haiwezekani kuhusu mashimo. Nimeupitia wote.

Marselino amekwishakwenda kutafuta matimba. Mama tumemwambia kazi ya shimo inaendelea, na huo si uongo. Klara sijamwambia, atataka kujiunga, na mwongozo wake hauna sura ya chini ya ardhi.

Limebaki tatizo moja dogo, mwanga. Mmea hauli bila jua. Lakini jua liko bwerere huku kwetu, na jua linaweza kuelekezwa. Kinachotakiwa ni kioo kikubwa, kikae ukingoni kwa kuinama.

Nyumbani kiko kimoja, cha kabati la mama. Hukitumia Jumapili tu, akienda kanisani.

Leo ni Jumanne.